Mwavuli wa Marekani na swali ambalo Ulaya imelikwepa tangu 1954

Tarehe 30 Agosti 1954 Bunge la Ufaransa liliamua, kwa kura 319 dhidi ya 264, kutoendelea hata kuujadili mkataba ambao Ufaransa yenyewe ndiyo iliyoubuni. Mkataba huo ulikuwa umetiwa saini Paris mwezi Mei 1952 na mataifa sita, yaani Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Uholanzi, Ubelgiji na Luxembourg, kwa nia ya kuunda jeshi moja la Ulaya lenye sare moja, bajeti moja na mamlaka moja ya kuliamuru. Nchi nne kati ya hizo zilikwisha kuuridhia. Kura zilipohesabiwa, wabunge walioupinga, wakomunisti kwa upande mmoja na wafuasi wa Jenerali Charles de Gaulle kwa upande mwingine, waliimba wimbo wa taifa wa Ufaransa, na jeshi la Ulaya likazikwa kabla halijapata askari wake wa kwanza.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala wa leo kuhusu Ulaya na ulinzi wa Marekani huelezwa mara nyingi kama suala la fedha: Wamarekani wamekuwa wakilipa, Ulaya imekuwa ikinufaika, na sasa mlipaji amechoka. Maelezo hayo yana ukweli wake, lakini hayafiki kwenye mzizi. Kilichoshindikana mwaka 1954 hakikuwa fedha. Kilichoshindikana ni kukubaliana nani awe na mamlaka ya kumwamuru kijana wa Lyon aende akafie Hamburg, na kijana wa Hamburg akafie Lyon. Swali hilo halikujibiwa. Alikabidhiwa Mmarekani, naye amelishika kwa zaidi ya miaka 70. Umoja wa Ulaya tunaoujua, wenye soko moja, sarafu moja na mipaka inayovukwa bila kuonyesha pasipoti, ulijengwa juu ya makabidhiano hayo.

Makabidhiano yenyewe yalianza kwa udhaifu. Mwezi Machi 1948 Uingereza, Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg zilitia saini mkataba wa kulindana, zikijua vizuri kwamba hazina nguvu za kuutimiza: miji yao ilikuwa bado na vifusi vya vita, hazina zao zilikuwa tupu, na miezi michache baadaye Umoja wa Kisovieti uliifunga njia ya kuingia Berlin Magharibi. Ndipo tarehe 4 Aprili 1949 nchi 12, zikiwamo Marekani na Kanada, zilipotia saini jijini Washington mkataba ulioanzisha NATO. Kifungu chake cha 5 hunukuliwa sana na kusomwa kidogo. Kinasema kwamba shambulio la silaha dhidi ya mmoja litahesabiwa kuwa shambulio dhidi ya wote, lakini kinaongeza kwamba kila mwanachama atachukua hatua anayoiona kuwa ya lazima, ikiwamo matumizi ya nguvu za kijeshi. Maneno hayo, "anayoiona kuwa ya lazima," hayakuponyoka kwa bahati mbaya. Baraza la Seneti la Marekani lisingekubali mkataba unaoiingiza nchi vitani bila ridhaa ya Bunge lake. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nguvu ya ahadi hii haikutokana na maandishi. Ilitokana na imani, na imani ilihitaji watu wa kuishikilia, yaani askari wa Marekani waliokaa Ujerumani na familia zao, ambao adui asingeweza kuvuka bila kuwaua.

Hata hao askari hawakutarajiwa kukaa. Vita vya Korea vilipozuka Juni 1950, na hofu kwamba Ulaya ingefuata, Rais Harry Truman alipeleka vikosi vya ziada, na Jenerali Dwight Eisenhower akawa kamanda mkuu wa kwanza wa majeshi ya NATO barani Ulaya. Mwaka 1951 Eisenhower aliandika kwamba iwapo baada ya miaka kumi askari hao watakuwa hawajarudi kwao, basi mradi mzima utakuwa umeshindwa. Katika muongo huo walifika zaidi ya 400,000. Idadi ilipungua sana baada ya Vita Baridi, kisha ikapanda tena Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, na tangu wakati huo imekuwa kati ya 80,000 na 100,000 hivi, kutegemea vikosi vinavyokuja na kuondoka kwa zamu. Kila aliyeshika nafasi ya Eisenhower, tangu mwaka 1951 hadi leo, amekuwa jenerali au admirali wa Marekani.

Ni kosa kudhani kwamba Marekani ilifanya haya yote kwa ukarimu. Ilipata vituo ambavyo vinaiwezesha kufika Mashariki ya Kati na Afrika kwa haraka ambayo isingewezekana kutokea Virginia. Kamandi ya jeshi lake inayoshughulikia Afrika, AFRICOM, makao yake hayako Afrika bali Stuttgart, kusini mwa Ujerumani; al-Shabaab waliposhambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay katika kaunti ya Lamu tarehe 5 Januari 2020 na kuwaua Wamarekani watatu, shambulio hilo lilikuwa ndani ya eneo linalosimamiwa kutoka jiji hilo la Ujerumani. Marekani ilipata pia soko la silaha zake, na ilipata jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote: Ujerumani isiyohitaji bomu lake la nyuklia. Mwaka huohuo wa 1954 Kansela Konrad Adenauer aliahidi kwamba nchi yake haitatengeneza silaha hizo katika ardhi yake, na mwaka uliofuata Ujerumani Magharibi ikaingia NATO. Majirani waliokuwa wameikataa sare moja na Wajerumani waliikubali Ujerumani yenye silaha, ilimradi juu yake kuna amiri Mmarekani.

Hapa ndipo umoja wa Ulaya na ulinzi wa Marekani vinapofungamana kwa namna ambayo wanaoyajadili mambo haya kwa pupa huwa hawaioni. Kwa Mholanzi, Mdenmark au Mbelgiji, kuongozwa na taifa kubwa lililo ng'ambo ya bahari kulikuwa na nafuu kuliko kuongozwa na jirani mkubwa aliyewahi kumvamia au kumdharau. Fahali wawili hawakai zizi moja, na Ulaya Magharibi ilikuwa na fahali watatu: Ufaransa, Ujerumani na Uingereza. Kuwapo kwa Marekani kuliondoa haja ya kuamua yupi kati yao atangulie. Waliobaki wangeweza kukutana Brussels na kubishana kwa miaka mingi juu ya bei ya maziwa, ruzuku za wakulima na viwango vya bidhaa, wakiwa na uhakika kwamba ubishi huo hautageuka kuwa mashindano ya silaha. Mkataba wa Roma wa mwaka 1957, uliozaa soko la pamoja, ulikuja miaka mitatu tu baada ya jeshi la pamoja kukataliwa, na haukuhitaji kusema lolote kuhusu nani angelilinda soko hilo.

Hata hivyo si wote walioipokea hali hii kwa moyo mmoja. Mwaka 1956 Uingereza na Ufaransa, zikishirikiana na Israeli, ziliishambulia Misri kwa ajili ya Mfereji wa Suez, na Marekani ikazilazimisha kuondoka kwa kuibana sarafu ya Uingereza. Mataifa mawili yalipata fedheha ileile yakajifunza mafunzo tofauti kabisa. Uingereza iliamua kwamba kamwe isiende kinyume na Washington. Ufaransa iliamua kwamba kamwe isimtegemee Mmarekani kwa jambo la kufa na kupona. Ikalipua bomu lake la kwanza la nyuklia tarehe 13 Februari 1960 huko Reggane, katika jangwa la Sahara nchini Algeria, kwenye ardhi ya watu waliokuwa wakipigania uhuru wao na ambao madhara ya majaribio hayo wanayadai hadi leo. Mwaka 1966 de Gaulle aliiondoa Ufaransa katika mfumo wa pamoja wa amri wa NATO, na makao makuu yakahamia Ubelgiji. Ufaransa ilirejea katika mfumo huo mwaka 2009, lakini silaha zake za nyuklia imezibakiza nje.

Vita Baridi vilipokwisha, Ulaya ilipata nafasi ya kulirudia swali la 1954, nayo ikalijibu kwa maneno. Mkataba wa Maastricht wa mwaka 1992 ulitangaza sera ya pamoja ya mambo ya nje na usalama wakati Yugoslavia ikiwa tayari inateketea. Mwaka mmoja kabla, waziri wa mambo ya nje wa Luxembourg, Jacques Poos, alikuwa ametangaza kwamba saa ya Ulaya imewadia. Julai 1995 maelfu ya wanaume na wavulana Waislamu waliuawa Srebrenica, nchini Bosnia, mahali palipokuwa chini ya ulinzi wa kikosi cha Uholanzi cha Umoja wa Mataifa, na vita vya Bosnia vikamalizwa na mazungumzo yaliyofanyika Dayton, Ohio, ndani ya kambi ya jeshi la anga la Marekani. Miaka 16 baadaye, nchini Libya, Ufaransa na Uingereza ndizo zilizotaka kupiga. Ndege zao zilijazwa mafuta angani na ndege za Marekani kwa sehemu kubwa, na baadhi ya washirika wa Ulaya walianza kuishiwa na mabomu baada ya wiki chache tu, ingawa adui alikuwa jeshi dogo na dhaifu.

Suala la fedha nalo lina utata wake. Husemwa kwamba nchi za Ulaya "zinadaiwa" na NATO. Hakuna deni la namna hiyo. NATO ina bajeti ndogo ya pamoja, ya euro bilioni chache kwa mwaka, inayoendesha makao makuu na mitambo ya pamoja, na Marekani huchangia chini ya asilimia 20 ya bajeti hiyo. Asilimia 2 ya pato la taifa inayozungumzwa ni kiwango ambacho kila nchi iliahidi, katika mkutano wa Wales mwaka 2014, kukitumia kwa jeshi lake yenyewe. Mwaka huo ni nchi tatu tu zilizokuwa zimekifikia. Kufikia mwaka 2025 NATO ilikadiria kwamba wanachama wote wangekifikia, na katika mkutano wa The Hague mwezi Juni mwaka huo wakaahidi kufika asilimia 5 ifikapo 2035: asilimia 3.5 kwa majeshi yenyewe na 1.5 kwa mambo yanayohusiana nayo, kama vile madaraja yanayoweza kubeba vifaru na ulinzi wa mitandao. Uhispania ilisema waziwazi kwamba haioni haja ya kufika huko. Poland, inayopakana na Ukraine, Belarus na jimbo la Urusi la Kaliningrad, imekwisha kuvuka asilimia 4. Umbali kutoka Moscow unaeleza tofauti hizi vizuri kuliko itikadi za vyama.

Fedha, basi, zinaanza kupatikana. Mwezi Machi 2025 Ujerumani ilibadilisha katiba yake ili matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya pato la taifa yasizuiwe na ukomo wa kukopa, jambo ambalo miaka michache kabla lingemwangusha kansela yeyote. Kamisheni ya Ulaya ilitangaza mpango wa hadi euro bilioni 800, ingawa ni haki kueleza kwamba bilioni 150 ndizo mikopo halisi ya pamoja, na zilizobaki ni ruhusa kwa serikali kutumia zaidi bila kuadhibiwa kwa nakisi za bajeti. Lakini fedha hizo zinaingia katika majeshi ambayo kila moja limenunua kivyake. Jeshi la Marekani lina aina moja ya kifaru kikuu cha vita, Abrams. Ulaya ina Leopard ya Ujerumani, Leclerc ya Ufaransa, Challenger ya Uingereza na Ariete ya Italia, kila kimoja na vipuri vyake na mafundi wake. Katika ndege za kivita, Ufaransa ilijitoa katikati ya miaka ya 1980 kwenye mradi uliozaa Eurofighter ikaunda Rafale yake, nayo Sweden ina Gripen. Kisha nchi nyingi, zikiwamo Italia, Uholanzi, Norway, Denmark, Ubelgiji, Poland na Ujerumani yenyewe, zikaagiza F-35 ya Marekani. Kila kiwanda kina wafanyakazi, kila mfanyakazi ana kura, na hakuna waziri anayetaka kuwa wa kwanza kukifunga cha kwao.

Kinachotegemewa hasa kwa Marekani ni vitu visivyoonekana kwenye magwaride: satelaiti zinazoona kikosi kikisogea usiku, ndege za kujaza mafuta angani, ndege kubwa za kubeba mizigo mizito, mitambo ya kuzuia makombora, na mfumo wa amri unaounganisha majeshi ya nchi 32. Ukraine ilionyesha uzito wa vitu hivyo Machi 2025, pale Marekani iliposimamisha kwa muda wa kama wiki moja kuipatia silaha na taarifa za kijasusi, siku chache baada ya Rais Donald Trump kugombana na Rais Volodymyr Zelensky mbele ya kamera katika Ikulu ya Marekani. Tukio hilo liliitikisa miji mikuu ya Ulaya kuliko hotuba yoyote. Bunge la Marekani lilikwisha kupitisha, Desemba 2023, sheria inayomzuia rais kuitoa nchi katika NATO bila theluthi mbili ya Seneti au sheria mpya, lakini hakuna sheria inayoweza kumlazimisha rais kuja anapoitwa. Anaweza kubaki mwanachama na akaona, kwa mujibu wa Kifungu cha 5 chenyewe, kwamba hatua ya lazima ni barua ya masikitiko.

Hapo Umoja wa Ulaya una kifungu chake, cha 42(7), ambacho kwa maandishi ni kikali zaidi: mwanachama akivamiwa katika ardhi yake, wengine wanawajibika kumsaidia kwa njia zote zilizo katika uwezo wao. Ufaransa ilikitumia mwaka 2015 baada ya mashambulio ya Paris. Tatizo ni kwamba nyuma yake hakuna makao makuu ya kivita, hakuna mpango wa vita, hakuna kamanda. Tena Umoja wa Ulaya na NATO si watu walewale. Nchi 23 zimo katika vyote viwili. Austria, Ireland, Malta na Cyprus zimo katika Umoja wa Ulaya lakini si katika NATO, ilhali Uingereza, Norway na Uturuki, zenye uzito mkubwa kijeshi, ziko nje ya Umoja. Maamuzi ya sera za nje na ulinzi ndani ya Umoja huhitaji ridhaa ya wote, na Hungary ya Viktor Orbán ilionyesha mara kadhaa, katika misaada kwa Ukraine, jinsi nchi moja yenye watu wasiofika milioni 10 inavyoweza kuwasimamisha wengine wote. Ndiyo maana kazi kubwa za miaka ya karibuni zimefanywa na makundi ya nchi zinazotaka, nje ya taratibu rasmi, Uingereza ikiwamo.

Swali gumu kuliko yote ni la nyuklia. Marekani imehifadhi mabomu yake katika nchi kadhaa za Ulaya, na marubani wa nchi hizo hufundishwa kuyabeba, ila ruhusa ya kuyatumia hutoka kwa rais wa Marekani peke yake. Ufaransa inakadiriwa kuwa na vichwa vya nyuklia 290 hivi, na Uingereza takriban 225. Makombora ya Uingereza, ya aina ya Trident, hutoka Marekani na hurudishwa huko kwa matengenezo. Julai 2025 London na Paris zilitangaza kwamba silaha zao zitabaki huru lakini zinaweza kuratibiwa. Ni hatua ya kweli, na naiheshimu. Lakini uratibu wa wawili si dhamana kwa Estonia. De Gaulle alishawahi kuuliza kama rais wa Marekani angekubali New York iteketezwe kwa ajili ya Paris. Aliyeko Tallinn au Warsaw anaweza leo kuuliza vivyo hivyo kuhusu Paris, na rais wa Ufaransa atakayejibu swali hilo atachaguliwa na Wafaransa peke yao, labda kutoka chama kisichotaka hata kulisikia.

Mashaka juu ya mlinzi yameongezwa na jambo ambalo waasisi wa mwaka 1949 hawakuliwazia: Januari 2025 Trump alikataa kusema kwamba hatatumia nguvu kuichukua Greenland, eneo la Denmark, mwanachama mwasisi wa NATO ambaye askari wake walikufa Afghanistan baada ya Kifungu cha 5 kutumika kwa mara ya kwanza na ya pekee, kwa ajili ya Marekani, mwaka 2001. Friedrich Merz, usiku wa ushindi wake katika uchaguzi wa Ujerumani mwezi uliofuata, alisema lengo lake ni Ulaya kuufikia uhuru kutoka Marekani hatua kwa hatua. Maneno hayo kutoka kwa mwanasiasa wa chama cha Adenauer, aliyetumia miaka mingi akitetea urafiki na Washington, yalikuwa na uzito ambao yasingekuwa nao yakitoka Paris.

Mwezi Mei 2025 Merz alikwenda Vilnius kuzindua rasmi brigedi ya vifaru ya Ujerumani itakayokaa Lithuania moja kwa moja, ya kwanza ya aina hiyo nje ya nchi tangu Vita vya Pili vya Dunia. Inapangwa kukamilika mwaka 2027 ikiwa na watu wapatao 5,000, na familia zao zikitaka zitaishi nao huko, kama familia za Wamarekani zilivyoishi Ujerumani. Kijana wa Hamburg, hatimaye, ametumwa kukaa mahali ambapo huenda akafa kwa ajili ya watu wa taifa jingine, na Walithuania, ambao nchi yao ilikaliwa na jeshi la Hitler, wamempokea. Brigedi hiyo imewekwa chini ya mipango ya ulinzi ya NATO. Vita vikizuka, amri zake za juu zitatoka Casteau, karibu na mji wa Mons nchini Ubelgiji, kwenye ofisi ambayo tangu mwaka 1951 haijawahi kukaliwa na mtu wa Ulaya.